Mkojo, Kipimo na Jibu: Istilahi za Uchunguzi wa Njia ya Mkojo

Mtu akikaa nusu saa mahali pa kusubiria katika zahanati yo yote mjini Dodoma, iwe Kikuyu, Chang'ombe au Nkuhungu, hakosi kusikia herufi tatu za Kiingereza zikitamkwa kana kwamba ni neno moja la Kiswahili: yutiai. "Nimeambiwa nina UTI." "Mtoto ana UTI." "Ile UTI yangu imerudi." Herufi hizo zimekwisha kuwa mali ya wasemaji, na kuzipiga marufuku ni kazi bure. Kazi ya mwanaistilahi ni kuuliza neno hilo lina maana gani kwa anayelisema, na lina maana gani kwa anayelisikia. Tukiona maana mbili hizo zimeachana, hapo ndipo penye kazi. Na kwa kuwa jina la ugonjwa huu haliwezi kutenganishwa na vipimo vinavyoutambulisha, katika makala hii tutavieleza vipimo vyenyewe na kuvilinganisha, tukisimama kila penye neno linaloweza kumpoteza msomaji.

Mifano yetu twaitoa Kikuyu. Mfasiri aliye mbali asidanganyike na jina: hapa hatuwazungumzii Wakikuyu wa Kenya, bali sehemu ya mji wa Dodoma iliyogawanyika katika kata za Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichoanza mwaka 2007 katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo, na ambacho miongoni mwa masomo yake ni uuguzi na famasia. Mwanafunzi wa masomo hayo hufundishwa kwa Kiingereza na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha akivuka lango la chuo yampasa kumweleza mama wa Kigogo, kwa Kiswahili, kitu gani kimeonekana katika mkojo wake. Aidha, tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi mwaka 2016, wamekuja watumishi kutoka kila pembe ya nchi, kila mmoja na msamiati wake wa hospitali. Na ziko sababu za hali ya hewa, ambazo tutazieleza mahali pake.

Tuanze na jina. Katika maandishi rasmi ugonjwa huu huitwa maambukizi katika njia ya mkojo. Njia ya mkojo ni figo mbili, mirija miwili itokayo kwenye figo, kibofu, na mrija mmoja wa kutolea mkojo nje. Sehemu hii ya jina ni nzuri, haina kasoro. Kasoro imo katika neno maambukizi. Katika Kiswahili cha kila siku mtu huambukizwa na mtu: surua huambukizwa, kifua kikuu huambukizwa, kisonono huambukizwa. Kitenzi chenyewe chadai mtendaji. Kwa hiyo mume akisikia kwamba mkewe ana maambukizi sehemu za mkojo, swali la kwanza linalomjia ni la sarufi kabla halijawa la wivu: nani kamwambukiza? Ndoa zimetikiswa na swali hilo, ilhali daktari aliyelitamka neno hakukusudia jambo kama hilo hata kidogo.

Ukweli ni kwamba mara nyingi ugonjwa huu haumtoki mtu mwingine. Bakteria anayeongoza kuusababisha ni Escherichia coli, aliyepewa jina la Theodor Escherich, mganga wa watoto aliyemweleza mwaka 1885. Makao yake ya kawaida ni utumbo mpana wa mtu mwenyewe, na huko hana madhara. Akisogea kutoka njia ya haja kubwa hadi njia ya haja ndogo, akapanda mpaka kibofuni, hapo huleta maumivu. Kwa wanawake mrija wa kutolea mkojo ni mfupi, na njia mbili hizo ziko karibu. Ndiyo sababu wao huugua zaidi. Tendo la ndoa laweza kumsukuma bakteria huyo aingie, lakini kumsukuma si kumleta. Kisonono ni jambo jingine, nacho huhitaji kipimo kingine na dawa nyingine.

Twashauri nini basi? Istilahi maambukizi katika njia ya mkojo imekwisha kuota mizizi katika nyaraka za afya, na kuing'oa kungeleta mchafuko mkubwa kuliko faida. Ibaki katika nyaraka. Lakini katika maelezo kwa mgonjwa, na katika vijitabu vya elimu ya afya, twaona ni bora kusema bakteria wameingia katika njia ya mkojo. Sentensi hii humtaja mkosaji halisi, haimtafuti mwingine. Tena mahali ulipo ugonjwa papasa kutajwa. Ukiwa kibofuni, mgonjwa huungua akikojoa, huenda haja mara kwa mara na kutoa kidogo kidogo, na huumwa chini ya kitovu. Ukifika kwenye figo huja homa, baridi ya kutetemesha na maumivu ya ubavuni kwa nyuma. Haya ni magonjwa mawili kwa uzito na kwa muda wa tiba, na herufi tatu zile huyafunika yote kwa shuka moja.

Neno la pili ni kipimo. Hili ni neno lenye watoto wengi kupita kiasi. Kipimo ni kitendo cha kupima. Ni chombo cha kupimia. Ni kiasi kilichopatikana. Katika duka la dawa ni kiasi cha dawa cha kumeza. Na zahanati nyingi husikika mtu akiambiwa "peleka kipimo maabara," maana yake ule mkojo wenyewe ulio kikoponi. Katika mazungumzo hakuna anayepotea, kwa kuwa mkono huonyesha. Katika maandishi mkono haupo. Kwa hiyo mfasiri wa mwongozo wa maabara na ajiwekee kanuni: kile kilicho kikoponi ni sampuli, kitendo ni upimaji, aina ya upimaji ndiyo iitwe kipimo, kilichoonekana ni matokeo, na yale anayoambiwa mgonjwa ni majibu. Kiasi cha dawa kiitwe dozi, kama watu wote wanavyosema. Wako wanaopenda uaguzi kwa maana ya kuutambua ugonjwa. Neno hilo ni la asili na lina heshima yake, lakini kuagua ni kazi ya mganga wa kienyeji tangu zamani, naye huagua bila kukojolewa kikopo. Sisi twatumia utambuzi wa ugonjwa.

Sasa sampuli. Vipimo vyote tutakavyovitaja vyategemea jinsi mkojo ulivyopatikana, na hapa kitenzi kimoja kibaya chaweza kuharibu kazi ya maabara nzima. Miongozo mingi iliyofasiriwa humwambia mgonjwa akusanye mkojo. Kukusanya ni kuleta pamoja vitu vilivyotawanyika: watu, kuni, kodi. Kimiminika kinachotiririka hukingwa. Watu wa Dodoma, ambao mvua yao huja kati ya Desemba na Aprili na ni haba, hukinga maji ya bati tangu utotoni. Hakuna haja ya kuwafundisha neno. Akiambiwa akinge mkojo wa katikati, mgonjwa huelewa kwamba mkojo unatoka, nao kikopo kinapitishwa chini yake. Akiambiwa akusanye, atakojoa wote kikoponi tangu tone la kwanza. Tone la kwanza ndilo linalooshea njia, na hubeba bakteria wa ngozi ambao hawana habari na kibofu.

Maelezo yafaayo kubandikwa ukutani ni haya: nawa mikono, jisafishe sehemu za siri kwa maji, mwanamke kutoka mbele kwenda nyuma, anza kukojoa chooni, bila kukata, kinga mkojo wa katikati katika kikopo safi ulichopewa, usiguse ndani yake, malizia chooni, funika, ulete mara moja. Neno mara moja lina uzito. Mkojo ni chakula kizuri kwa bakteria, na mchana wa Dodoma una joto. Tuseme wamo 1,000 tu katika mililita moja, nao wanaongezeka maradufu kila nusu saa. Baada ya mara saba, yaani saa tatu na nusu, watakuwa 128,000, nao mtu asiyeumwa ataonekana mgonjwa. Kwa hiyo sampuli ya kuotesha yapasa kufika maabara ndani ya saa mbili, au iwekwe katika jokofu, au itiwe dawa ya kuwazuia bakteria wasizaliane. Aliye Kikuyu, karibu na katikati ya mji, aweza kutimiza sharti hilo kwa miguu. Aliye kijiji cha mbali, sampuli yake ikingoja basi la jioni, hawezi, na cheti chake chapaswa kuonyesha saa mkojo ulipokingwa. Vyeti vingi vina nafasi ya tarehe tu.

Kipimo cha kwanza, chepesi na cha bei nafuu, ni kijiti cha mkojo. Ni ukanda mwembamba wa plastiki wenye viraka vidogo vya karatasi vilivyotiwa kemikali. Huchovywa, hutolewa, na rangi za viraka hulinganishwa na picha iliyo ubavuni mwa kopo. Wengine huita utepe, wengine karatasi ya mkojo, wengine kwa mkato "stiki". Kijiti kimekwisha kushinda mitaani, nasi twakiunga mkono.

Viraka viwili ndivyo vinavyotuhusu. Kimoja hutafuta nitriti. Chakula chetu, hasa mboga za majani, hutia nitreti katika mkojo. Bakteria wengi wa jamii ya Escherichia huigeuza kuwa nitriti. Nayo nitriti hugeuza rangi ya kiraka kuwa ya waridi. Asili ya kemia hiyo ni ya zamani: ni kazi ya Peter Griess, Mjerumani aliyefanya kazi Uingereza, ya mwaka 1879. Wafasiri na waangalie herufi moja tu inayotofautisha nitreti na nitriti. Tumekwisha kuona maandishi yaliyozibadilisha, na sentensi ikawa inasema kinyume. Badiliko hilo huwataka bakteria wakae na mkojo kibofuni muda wa saa nne hivi, ndiyo maana mkojo wa kwanza wa asubuhi hupendelewa. Mgonjwa anayekwenda haja kila robo saa hampi bakteria nafasi hiyo, na kiraka chake chaweza kubaki cheupe ingawa anaumwa. Wako pia bakteria wasioigeuza nitreti kabisa, kama vile wa jamii ya Enterococcus. Kwa hiyo kiraka cha nitriti kikigeuka, aghalabu kinasema kweli. Kisipogeuka, hakijasema neno.

Kiraka cha pili hutafuta kimeng'enya kitokacho katika seli nyeupe za damu, askari wanaokimbilia penye vita. Tabia yake ni kinyume cha mwenzake: huwakamata wagonjwa wengi zaidi, lakini huwakamata na wasiohusika, kwa mfano mwanamke ambaye mkojo wake umechanganyika na ute wa ukeni. Na hapa ndipo hali ya hewa ya uwanda wa kati inapoingia. Mtu anayeshinda juani akinywa maji kidogo hutoa mkojo mzito, wa rangi ya chai. Mkojo mzito hupunguza nguvu ya kiraka hiki, na jibu laweza kuwa hafifu kuliko hali halisi. Kopo la vijiti nalo lataka kufungwa kila baada ya kutumia: vikipigwa na hewa siku kadhaa, kiraka cha nitriti chaweza kugeuka bila bakteria. Na kusoma kuna saa yake. Kwa vijiti vingi nitriti husomwa baada ya dakika moja na seli nyeupe baada ya dakika mbili. Rangi inayokuja baadaye haina maana.

Kipimo cha pili ni cha hadubini. Tutumie neno hili kwa chombo cha kuonea vitu vidogo, na darubini tuiachie mbali ya nyota na meli, ingawa twajua maabara nyingi husema darubini kwa vyote viwili. Mkojo huzungushwa kwa mashine hadi mashapo yashuke chini, kisha tone la mashapo hutazamwa. Huhesabiwa seli za usaha katika kila uga, yaani duara lile moja linaloonekana kwa jicho bila kusogeza kioo. Tano au zaidi kwa uga ni kiwango kinachotumiwa sana. Huangaliwa pia chembe nyekundu za damu, na mayai ya kichocho yenye mwiba mmoja mkiani. Hili la kichocho si la kupuuza, kwa kuwa mtoto anayekojoa damu nchini mwetu yamkini ana kichocho, wala dawa za bakteria hazitamsaidia. Tazameni pia jinsi vipimo viwili katika chombo kimoja vinavyodai saa tofauti: kwa bakteria twataka mkojo wa asubuhi, kwa mayai ya kichocho mkojo unaokingwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Fomu inayoandika "pima mkojo" pasipo kusema unatafutwa ugonjwa gani haijamwambia fundi wa maabara chochote.

Katika hadubini ndimo lilimozaliwa neno baya kuliko yote tunayoyajadili: mkojo mchafu. Mgonjwa huambiwa, "Mkojo wako ni mchafu," akaondoka na aibu. Lakini usemi huo hubeba maana mbili zinazopingana. Huenda maana yake ni kwamba mna usaha na bakteria wa ugonjwa. Huenda ni kwamba sampuli iliingiwa na uchafu wa nje wakati wa kukingwa, nayo haifai kutolewa hukumu. Kwa maana ya kwanza mgonjwa apewe dawa. Kwa maana ya pili apewe kikopo kingine. Neno moja lisiongoze kwenye njia mbili hizo. Tunapendekeza sampuli iliyochafuka kwa ile ya pili, lawama iende kwenye kikopo na si kwenye mwili wa mtu. Na kwa ile ya kwanza isemwe waziwazi kilichoonekana. Tena kuandika tu bakteria wameonekana, bila seli za usaha na bila dalili kwa mgonjwa, hakutoshi kumwita mtu mgonjwa wa njia ya mkojo.

Kipimo cha tatu ni kuotesha. Maabara zetu zimekitumia kitenzi hiki kwa miaka mingi, nacho ni kizuri mno: kinatoka shambani, kila mtu anakielewa, na kinaeleza kwa nini jibu halitoki leo. Mkojo hupakwa juu ya chakula cha bakteria katika kisahani, ukaachwa katika joto la mwili usiku kucha. Asubuhi huonekana vidoto vidogo, kila kidoto kikiwa kizazi cha bakteria mmoja. Vidoto hivi kwa lugha za nje huitwa makoloni. Mfasiri wa kizazi kilichopigania uhuru huenda akasita kuandika kwamba Kikuyu kuna makoloni 100, na mwanafunzi akacheka. Twaona kidoto chatosha darasani, na koloni ibaki kwa wataalamu.

Kijiti cha waya kinachopakia mkojo hubeba sehemu ya elfu moja ya mililita. Vikihesabiwa vidoto 100, basi katika mililita moja wamo bakteria laki moja. Kiwango hicho cha laki moja kilitokana na kazi ya Edward Kass wa Boston, Marekani, katika miaka ya 1950, nacho kimetumika duniani kote tangu wakati huo. Si ukuta wa mawe: mwanamke anayeungua sana akikojoa aweza kuwa na idadi ndogo zaidi na bado akawa mgonjwa kweli. Kwa upande mwingine, wako watu, hasa wazee, wenye laki na zaidi wasioumwa lolote. Hao kwa kawaida hawapewi dawa. Wajawazito ndio wanaotengwa, kwa kuwa kwao bakteria hao waweza kupanda kwenye figo, hivyo hutibiwa ingawa hawana dalili. Hali hii iitwe bakteria mkojoni bila dalili. Ni maneno manne, lakini kila moja lafanya kazi.

Tukivilinganisha, kuotesha ndiko hakimu, kwa sababu humtaja bakteria kwa jina na kuonyesha dawa inayomweza. Lakini hakimu huyu huchukua siku mbili au tatu, hutaka umeme, vifaa na fundi, wala hapatikani katika kila zahanati. Kijiti hujibu kwa dakika mbili. Swali la haki ni kijiti hukosea kiasi gani. Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, walipimwa wajawazito kwa njia zote mbili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009: kijiti kiligundua chini ya nusu ya wale ambao kuotesha kulithibitisha. Kwa mjamzito, basi, kijiti kilicho kimya si kibali cha kurudi nyumbani. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwagawa wanawake 309 wasio na mimba katika njia tano za utabibu, miongoni mwake dalili peke yake, kijiti, na kuotesha. Nafuu ya maumivu haikutofautiana sana, wala kupeleka mkojo wa kila mmoja kuoteshwa hakukuleta faida. Matokeo mawili hayo hayapingani, maana wanawake wa Mwanza walikuwa wajawazito na wale wa Uingereza hawakuwa.

Ubora wa kipimo hupimwa kwa mambo mawili, nayo yanahitaji majina. La kwanza ni uwezo wa kuwagundua wagonjwa, huitwa unyeti. La pili ni uwezo wa kuwaacha wasio wagonjwa, huitwa umahususi. Faida ya kuyatofautisha yaonekana kwa hesabu. Mwaka 2008 walichunguzwa watoto 1,005 wenye homa huko Dar es Salaam na Ifakara, kwa vipimo vingi na kwa makini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Waliokuwa na ugonjwa wa njia ya mkojo walikuwa asilimia 5.9 tu. Tukadirie basi watoto 100 wenye homa, sita kati yao wakiwa wagonjwa kweli, na tuwape kipimo cha kubuni chenye unyeti wa asilimia 80 na umahususi wa asilimia 80. Kitawagundua watano katika sita. Lakini katika wale 94 wazima wa njia ya mkojo, kitawashika kumi na tisa. Wazazi 24 wataambiwa "mtoto ana UTI," na watano tu ndio wataambiwa kweli. Wale kumi na tisa watameza dawa isiyo yao, na kilichowaletea homa kitabaki hakijatafutwa.

Na hapa pana mtego ambao wafasiri wengi wameuingia. Lugha ya Kiingereza hutumia neno lile lile kwa unyeti wa kipimo na kwa hali ya bakteria kudhurika na dawa. Kiswahili hakilazimiki kurithi umaskini huo. Sisi husema ugonjwa umesikia dawa, au haukusikia dawa. Basi kwa bakteria tuseme usikivu kwa dawa, na unyeti tuuachie kipimo. Fomu iandikwe kuotesha na usikivu kwa dawa. Aliye na cheti cha darasa la saba ataelewa.

Majibu yenyewe huandikwa chanya na hasi. Katika hesabu maneno haya hayana tatizo. Katika ukumbi wa hospitali yana tatizo, kwa kuwa watu wamezoea kusema mawazo chanya kwa maana ya mema na hasi kwa mabaya. Mama akisoma "nitriti: hasi" huweza kuingiwa na hofu, na akisoma "chanya" akashukuru. Kwa cheti anachokwenda nacho mgonjwa twapendelea imeonekana na haikuonekana.

Limebaki neno sugu. Matangazo ya dawa za mitishamba, na hata ya maduka ya dawa, huahidi kuponya "UTI sugu". Sugu asili yake ni ngozi iliyokomaa kwa kazi, nayo imepanuka njia mbili. Ugonjwa sugu ni ule uliokaa muda mrefu au unaorudi. Kimelea sugu ni kile ambacho dawa haikidhuru. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao katika maandishi ya Serikali hufupishwa kuwa UVIDA, ni wa maana hii ya pili. Mgonjwa wa "UTI sugu" huenda ana bakteria sugu. Huenda ana bakteria wasikivu wanaoingia upya kila mwezi. Huenda hana bakteria wo wote bali ana kisonono, au kichocho, au alisomewa vibaya sampuli iliyochafuka. Vipimo vinavyotenganisha hali hizo ndivyo tulivyovieleza hapo juu, na cha lazima kwake ni kuotesha. Mara nyingi huongezewa dawa nyingine bila kuoteshewa, akirudi huongezewa ya tatu, na kwa njia hiyo hata bakteria wasikivu hufundishwa usugu. Kwa hiyo katika tafsiri zetu sugu ya muda iandikwe ugonjwa unaojirudia, au ugonjwa wa muda mrefu, kadiri ilivyo. Na sugu peke yake iwe ya bakteria, iandikwe tu pale kisahani kilipokwisha kuonyesha hivyo, pamoja na jina la dawa iliyoshindwa.